Bell wa Simu Twamjua. Bell Aliyesikia Mwanga Je?

Ukimwuliza mwanafunzi yeyote wa shule ya msingi ni nani aliyevumbua simu, atakujibu bila kusitasita kwamba ni Alexander Graham Bell. Jibu hilo humpatia alama moja, mwalimu akatia vema, na habari za Bell zikafungwa hapo. Mimi nashikilia kwamba alama hiyo moja imetunyima elimu kubwa. Miaka minne baada ya simu, Bell alifanya kazi nyingine ambayo ulimwengu uliisahau kwa takriban karne nzima. Kazi hiyo ndiyo leo inayowawezesha watafiti wa tiba kuiona mishipa ya damu ndani ya kiumbe hai pasipo kisu wala eksirei. Wahenga walisema usione vyaelea, vimeundwa. Basi na tutazame vilivyoundwa, na aliyeviunda, pamoja na kasoro zake.

Bell alizaliwa tarehe 3 Machi mwaka 1847 mjini Edinburgh, Scotland, katika ukoo wa walimu wa matamshi. Baba yake, Alexander Melville Bell, alibuni mfumo wa alama za kuandikia sauti, kila alama ikionyesha mahali pa ulimi na midomo mtu anapotamka. Mama yake, Eliza, alikuwa mpiga piano hodari ingawa masikio yake hayakuwa yakisikia vyema. Wengine walizungumza naye kwa kupaza sauti ndani ya mrija wa kusikilizia. Bell alizoea kuinama na kusema kwa sauti nzito, ya chini, karibu na paji la uso la mamaye, ili mtetemo wa sauti yenyewe umfikie. Tangu utotoni, basi, alijua jambo ambalo wengi wetu hulisoma vitabuni tu: kwamba sauti ni mtetemo, na kwamba sikio si mlango wake wa pekee.

Ujana wake uligubikwa na msiba. Mdogo wake, Edward, alifariki mwaka 1867 kwa kifua kikuu. Kaka yake, Melville, akamfuata mwaka 1870 kwa maradhi yayo hayo. Wazazi, wakihofia kumpoteza na huyu wa tatu, walihamia Kanada mwaka huo na kukaa karibu na mji wa Brantford. Mwaka 1871 Bell alikwenda Boston, Marekani, kuwafunza walimu wa viziwi namna ya kuutumia mfumo wa baba yake, na mwaka 1873 akawa profesa katika Chuo Kikuu cha Boston. Miongoni mwa wanafunzi wake alikuwamo Mabel Hubbard, aliyepoteza uwezo wa kusikia kwa sababu ya homa kali akiwa na umri wa miaka mitano. Walioana tarehe 11 Julai 1877.

Habari za simu zinajulikana, nami sitazirefusha. Alipewa hataza tarehe 7 Machi 1876, na siku tatu baadaye msaidizi wake, Thomas Watson, akiwa chumba kingine, alimsikia Bell akimwita kupitia waya. Kesi nyingi zilifuata mahakamani, wengine wakidai kwamba haki ya uvumbuzi huo ilikuwa yao, lakini hataza ile haikutanguka. Ninalotaka msomaji alishike ni kwamba kazi aliyoijua Bell hasa ilikuwa ualimu, na simu yenyewe ilizaliwa katika juhudi za mwalimu aliyetaka kuielewa sauti.

Mwaka 1880 serikali ya Ufaransa ilimtunuku Tuzo ya Volta pamoja na faranga 50,000. Wengi wakipewa fedha hujenga jumba. Bell alianzisha maabara jijini Washington, akashirikiana na fundi mahiri, Charles Sumner Tainter. Hapo ndipo alipojiuliza swali ambalo wakati ule lilionekana kama ndoto za mchana: iwapo waya wa shaba unaweza kubeba sauti, je, mwale wa jua nao hauwezi?

Chombo walichounda walikiita fotofoni. Msemaji alisema nyuma ya kioo chembamba kilichoelekezwa juani. Sauti ilikitetemesha kioo, na mwanga uliotoka hapo ukawa unapungua na kuongezeka kwa kufuata sauti ile. Upande wa pili mwanga ulikusanywa na kuangushwa juu ya seleniamu, elementi ambayo upitishaji wake wa umeme hubadilika inapopigwa na nuru, jambo lililokuwa limegunduliwa na Willoughby Smith mwaka 1873. Seleniamu iliungwa na betri na kipokeo cha simu, na msikilizaji akasikia maneno. Mwaka uo huo wa 1880 Tainter alisema kutoka paa la Franklin School, na Bell, akiwa maabarani umbali wa mita 213, akamsikia bila waya wowote kati yao.

Bell alifurahi kupita kiasi. Binti yake wa pili alizaliwa Februari 1880, naye akataka mtoto aitwe Photophone! Mama mtu alikataa, na mtoto akaitwa Marian. Hadi uzeeni Bell aliamini kwamba fotofoni ilikuwa kubwa kuliko simu. Watu walicheka, kwa maana wingu moja tu lilitosha kuikata mazungumzo. Hata hivyo, nyaya za nyuzi za kioo zilizotua Mombasa mwaka 2009, ambazo kwazo sauti na barua zetu huvuka bahari, hubeba maneno juu ya mwanga. Aliyechekwa hakuwa mjinga. Alikuwa amewahi mno.

Lakini si fotofoni niliyokusudia. Katika majaribio yale, Bell na Tainter walikumbana na ajabu ambayo hawakuitafuta. Waliukatakata mwale wa jua kwa gurudumu lenye matundu lililozungushwa kwa kasi, wakauangusha juu ya kipande chembamba cha mpira mgumu. Kipande kile kikatoa sauti chenyewe. Hapakuwa na seleniamu, wala betri, wala umeme. Walijaribu madini, mbao, karatasi, nyuzi na masizi, na vitu vingi mno viliimba. Agosti 1880 Bell aliwaeleza wanasayansi mjini Boston habari hizo. Kufikia mwaka 1881 alikuwa amebaini kwamba sauti huwa kubwa zaidi katika vitu vyenye rangi nyeusi na vyenye vinyweleo. Neno hilo la rangi nyeusi naomba lihifadhiwe, maana tutalirudia.

Sababu yake si ngumu kumweleza mwanafunzi. Yeyote aliyelala chini ya paa la mabati anajua jinsi yanavyolia jua linapoyapiga asubuhi. Bati hupata moto, hutanuka, na katika kutanuka hutoa mlio. Ndivyo ilivyo hapa, ila kwa kiasi kidogo na kwa haraka kubwa. Kitu humeza nuru, nuru hugeuka joto, joto hukitanua kitu na hewa iliyomo, na mtanuko huo huisukuma hewa ya jirani. Nuru ikija kwa vipande vya haraka, misukumo nayo huja kwa haraka, na mfululizo wa misukumo ndiyo sauti.

Mwaka huohuo wa 1880, ng'ambo ya Atlantiki, ndugu wawili Wafaransa, Jacques na Pierre Curie, waligundua kwamba baadhi ya fuwele hutoa umeme zinapobanwa. Fuwele za namna hiyo ndizo zilizokuja kuwa masikio ya mashine za altrasaundi. Kwa hiyo mdomo na sikio vilizaliwa mwaka mmoja, kila kimoja katika nchi yake, wala havikujuana.

Sasa tufike kwenye mwaka wa huzuni. Tarehe 2 Julai 1881, Rais James Garfield wa Marekani alipigwa risasi katika kituo cha treni jijini Washington. Risasi moja ilibaki mwilini, na hakuna aliyejua ilipo. Eksirei haikuwapo, ingegunduliwa na Wilhelm Röntgen miaka kumi na minne baadaye, mwaka 1895. Madaktari walitia vidole na vyuma ndani ya jeraha bila kuvitakasa. Bell alikatiza shughuli zake, akaunda kwa haraka chombo cha kutambua chuma kwa sumaku ya umeme, akakijaribu kwa watu waliokuwa na risasi za zamani miilini mwao, kisha akaenda Ikulu. Alijaribu mara mbili, mwishoni mwa Julai na tarehe 1 Agosti, bila kufaulu. Kitanda cha Rais kilikuwa na nyaya za chuma zilizokivuruga chombo. La kusikitisha zaidi ni kwamba daktari mkuu, akiwa ameshaamua kuwa risasi iko upande wa kulia, alimruhusu Bell kupekua upande huo tu. Garfield alifariki tarehe 19 Septemba. Mwili wake ulipopasuliwa, risasi ilikutwa upande wa kushoto.

Katikati ya mashaka hayo, tarehe 15 Agosti, mke wa Bell alijifungua mtoto wa kiume kabla ya wakati. Kitoto kilishindwa kupumua, kikafa siku iyo hiyo. Bell hakukaa akajikunyata. Aliunda koti la chuma la kumsaidia mtu kuvuta pumzi, wazo lililotangulia mashine za kupumulia za karne ya ishirini.

Hapa msomaji ataniuliza: ikiwa Bell mwaka 1880 alijua kwamba nuru huvifanya vitu vitoe sauti, kwa nini mwaka 1881 hakuutumia ujuzi huo kuchungulia ndani ya mwili? Jibu ni kwamba elimu ni bahari, na hakuna aivukaye kwa kasia moja. Mwanga wa jua ni hafifu kwa kazi hiyo. Iliyohitajika ni nuru kali ya kupigwa kwa mipigo mifupi mno, na masikio makali ya fuwele, na mashine za hesabu za kuzigeuza sauti kuwa picha. Bell hakuwa na hata kimoja. Alichoweza kufanya, alikifanya: aliandika kila alichokiona, akakichapisha, akawaachia wajao. Röntgen mwenyewe alikuwa miongoni mwa waliosoma habari hizo, akafanya majaribio yake kwa gesi mwaka 1881, kabla hajawa mashuhuri kwa eksirei.

Kisha kukawa kimya kirefu. Leza ya kwanza iliwashwa mwaka 1960. Katika miaka ya 1970 elimu ile ya Bell ilifufuliwa, na baadhi ya waliofanya kazi hiyo walikuwa katika maabara za kampuni ya simu zenye jina la Bell mwenyewe. Mwaka 2003 watafiti wa Texas A&M, chini ya Lihong Wang, walitoa picha za mishipa ya damu ya ubongo wa panya aliye hai, ngozi na fuvu vikiwa havijaguswa na kisu.

Mwalimu anaweza kulieleza jambo hili darasani kwa tochi. Weka tochi nyuma ya kiganja gizani: utaona wekundu, lakini hutaona mshipa wala mfupa. Nuru huingia, ila hutawanyika, kama taa za gari katika ukungu wa Limuru. Sauti haitawanyiki hivyo. Ndani ya nyama za mwili hutawanyika mamia ya mara chini ya nuru. Kwa hiyo watafiti huingiza nuru na kutoa sauti. Mpigo wa leza hudumu sehemu chache tu za sekunde iliyogawanywa mara bilioni moja. Damu huumeza, joto lake hupanda chini ya sehemu moja ya kumi ya digrii, nayo hutanuka na kutoa mlio usiosikika kwa sikio la binadamu. Fuwele zilizowekwa juu ya ngozi huunasa mlio huo, na kompyuta hukokotoa mahali ulikotoka. Aidha, damu yenye oksijeni na damu isiyo nayo humeza rangi za nuru kwa namna tofauti, hivyo picha huonyesha mshipa ulipo na hali ya damu iliyomo. Yote haya kwa kina cha sentimita chache, na bila mnururisho wa eksirei.

Faida yake si ya maabarani tu. Mwaka 2021 mamlaka ya Marekani inayosimamia dawa na vifaa vya tiba iliidhinisha kifaa cha kuchunguza uvimbe wa matiti kinachounganisha altrasaundi na sauti hii inayozaliwa na nuru. Saratani ya matiti ndiyo inayoongoza miongoni mwa wanawake wa Kenya, na kila kifaa kinachoweza kuupambanua uvimbe wa kutisha na usio wa kutisha chatuhusu.

Ila hapa ndipo lile neno la rangi nyeusi linaporudi. Bell aligundua kwamba kilicho cheusi humeza nuru zaidi na kulia zaidi. Ngozi yetu ina melanini, nayo humeza nuru ya leza kabla haijafika kwenye damu. Ngozi hulia kwa nguvu, mshipa ulio chini yake husikika kwa unyonge, na watafiti wameshaonyesha kwamba picha hubadilika kadiri ngozi inavyozidi weusi. Tusidhani hili ni jambo dogo. Kile kifaa kinachobanwa kidoleni kupima oksijeni, ambacho wengi walikijua wakati wa korona, nacho hutumia nuru. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2020 ulionyesha kwamba kwa wagonjwa weusi kilikosea karibu mara tatu zaidi kuliko kwa weupe, kikisema oksijeni inatosha ilhali haitoshi. Mgonjwa anayeambiwa yu mzima ilhali anazama, hali yake haina tofauti na ya Garfield: anapekuliwa upande ambao risasi haimo.

Wala Bell mwenyewe hakuepukana na kosa la namna hiyo. Hakuna masika yasiyokuwa na mbu. Mtu huyu aliyewapenda viziwi, mwana wa mama asiyesikia na mume wa mke asiyesikia, aliipinga lugha yao ya ishara. Alitaka wafundishwe kutamka na kusoma midomo ili wafanane na wasikiao. Mwaka 1883 aliwasilisha waraka akihofia kwamba viziwi wakiendelea kuoana wao kwa wao kungetokea jamii nzima ya binadamu viziwi, na akapendekeza mambo ya kuwatenganisha, yakiwamo kupunguza shule zao za bweni na walimu walio viziwi. Tayari mwaka 1880 mkutano wa walimu wa viziwi uliofanyika Milan, Italia, ulikuwa umepitisha kwamba matamshi yatangulie na ishara ziachwe. Vizazi vya watoto vilizuiwa kutumia mikono yao kusema, na walimu viziwi wakapoteza kazi. Bell aliisikia sauti ndani ya mwale wa jua, lakini lugha iliyokuwa mbele ya macho yake, mikononi mwa watu aliowapenda, hakuisikia. Sisi Wakenya, kwa katiba ya mwaka 2010, tumeitambua Lugha ya Ishara ya Kenya kuwa mojawapo ya lugha rasmi za Bunge. Katika hilo tumemzidi Bell.

Je, kosa hilo limfute? Mimi nasema la. Wala wema wake usilifute kosa. Mwanafunzi anayefundishwa kwamba mwanasayansi ni malaika ataacha kumwuliza maswali, na anayefundishwa kwamba ni shetani ataacha kujifunza kwake. Ninavyomwona mimi, Bell alifaulu kila alipotega sikio mahali ambapo wengine hawakutega, na alishindwa kila sikio lake, au la waliomwamuru, lilipoamua mapema upande wa kusikiliza.

Bell alifariki tarehe 2 Agosti 1922 nyumbani kwake karibu na Baddeck, Nova Scotia, nchini Kanada. Wakati wa maziko yake simu zote za Amerika Kaskazini zilinyamazishwa kwa dakika moja. Walimlilia Bell wa simu. Kazi yake ya mwanga na sauti ilikuwa bado imelala katika maandishi, ikiwasubiri watu ambao hawakuwa wamezaliwa.

Kwa walimu wenzangu wa taifa hili nina maneno mawili. La kwanza, mwanafunzi anapoleta swali lisilo katika mtihani, msimnyamazishe. Maswali yasiyo na soko leo ndiyo yaliyotulisha mara nyingi kesho yake. Mwambieni aandike anachokiona, kwa uaminifu, hata kama hajui kitafaa nini. La pili, mwambieni kwamba mashine hizi mpya bado hazijaisikiliza vya kutosha ngozi ya Mwafrika, na kwamba kazi hiyo haina mrithi mwingine anayeihitaji kuliko yeye. Akingoja wengine wapime, watapima kwa ngozi zao, wala hatakuwa na haki ya kunung'unika.

Shime basi, vijana. Bell aliwaachia nusu ya jibu. Nusu ya pili iko upande ambao haujapekuliwa.